Shemeji Aliyeambiwa Akae Nyumbani

Lambert Herlache alirithi kwa baba yake vitu viwili vya maana: shamba la ng'ombe wa maziwa, ambalo aliliuza, na viti viwili vya tiketi ya msimu mzima katika uwanja wa Green Bay, wa mpira wa Kimarekani ule wa kurushwa kwa mikono, ambavyo asingeviuza hata kwa kuwekewa kisu shingoni. Viti vyenyewe si viti, ni nafasi mbili kwenye benchi la bati linalouma makalio kwa baridi. Lakini huku kwetu mtoto akizaliwa wazazi humwandikisha kwenye foleni ya kungojea tiketi kabla hawajakubaliana jina la ubatizo, na wengi huzeeka foleni ikiwa bado haijawafikia. Kwa hiyo mtu mwenye nafasi ya pili ana madaraka kuliko diwani. Yeye ndiye anayeamua nani atakaa naye Jumapili, na watu humsalimia vizuri hata kama hana kingine cha kuwafanya wamsalimie.

Na Lambert kweli hakuwa na kingine. Alifanya kazi kiwanda cha karatasi mpaka akastaafu. Alimwoa Rosemary Counard, wakaishi kwa amani bila mtoto, kisha Rosemary akatangulia mbele ya haki. Nafasi ya pili ilikuwa ya Rosemary. Baada ya msiba Lambert alimpa kaka wa marehemu, Emery, kwa sababu Emery alikuwa na kicheko kilekile cha dada yake, na kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kumtaja Rosemary mbele yake bila kumliza.

Emery Counard hakuoa. Maisha yake yote aliendesha greda la kusukuma theluji barabara za wilaya, alfajiri na mapema, peke yake ndani ya kibanda chenye redio. Labda ndiyo maana akiwa na watu hakunyamaza. Na alikuwa mshabiki wa aina ile ya kulalamika: kila wiki aliapa kwamba timu itafungwa. Ikifungwa, alifurahi kwamba alisema. Ikishinda, alifurahi zaidi kuliko wote. Hesabu hiyo haikuwahi kumtupa.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule, wakirudi kutoka uwanjani ndani ya pikapu ya Lambert baada ya kufungwa tena nyumbani, Emery alikaa kimya mpaka wakapita daraja. Lambert akamtazama.

"Vipi shemeji, umemeza ulimi?"

"Nilikwenda kwa daktari wa macho," Emery akasema. "Anasema katikati ya jicho panaliwa. La kushoto limeshakwenda. La kulia linafuata. Wamenidunga sindano, hazijashika."

"Unataka kuniambia utapofuka?"

"Si giza, bwana. Pembeni nitaona. Katikati ndiyo patakuwa kama mtu amebandika kidole gumba kwenye kioo. Mtu nikimtazama usoni, uso sitauona. Nikitazama mpira, mpira ndio utakaopotea."

"Lini?"

"Krismasi. Mwaka mpya. Hata yeye hajui." Emery akajikohoza. "Kwa hiyo msimu huu nataka niutazame wote, shemeji. Nataka niwaone wakishinda palepale, nimekaa, hata mara moja. Baada ya hapo nitakuwa mtu wa redio. Redio nimeizoea. Na tafadhali, kule baa kwa Bernice usiseme. Sitaki kuonewa huruma na akina Duane."

"Nafasi ni yako," Lambert akasema. "Inyeshe theluji, ianguke mbingu, ni yako." Alisema kwa moyo wake wote, na jambo hilo ndilo lililokuja kumuumiza zaidi.

Ijumaa huku kwetu ni siku ya samaki wa kukaanga, na samaki anayejulikana ni wa baa ya Bernice, mwanamke mpana, mjane, anayemwaga brandi kwa kukadiria na hajawahi kukosea kwa kupunguza. Kila mwaka, msimu unapofika katikati, Ijumaa ile watu huja mapema, maana ndiyo siku ya kubishana nani ataingia mtoano na nani atautazama kwenye televisheni. Hakuna anayealikwa na hakuna anayekosa. Mwaka ule timu yetu ilikuwa imeshinda mara tatu na kufungwa mara tano, na ubishi ulikuwa na uchungu wa kilio cha matanga.

Duane Massart alianza. Duane alikuwa muuza matrekta, mtu wa sauti kubwa na fulana moja ya kijani ambayo huwa haifuliwi mpaka timu ifungwe. Kwa hali ya msimu ule, ilikuwa safi kabisa.

"Bado tupo," alisema akigonga meza. "Tukishinda nyumbani zote, tukaiba mbili ugenini, na Minnesota wakajikwaa, tunaingia. Piga hesabu mwenyewe."

"Na nguruwe wakiota mabawa," akasema Roland. Roland alikuwa mtu wa Chicago aliyekuja kustaafu kando ya ziwa. Tulimvumilia kwa sababu alikuwa mcheza karata mzuri na alikubali kutukanwa. "Nyie mtoano mtausikia kama harusi ya jirani. Ngoma mtaisikia, pilau hamtaiona."

"We Roland, kwenu huko mna mrushaji gani? Yule anayempa mpira adui kama anagawa peremende?"

"Afadhali wetu anagawa. Wenu anaangushwa kabla hajafunga kamba za viatu."

"Samaki anapoa," Bernice akasema kutoka nyuma ya kaunta. "Mnapigania mechi ambazo hata hazijachezwa. Kuleni."

Emery alikuwa akiwinda kipande cha samaki kwa uma, akikikosa kidogo, akikipata. "Hatufiki popote," akatangaza. "Mimi naona Jumapili tunapigwa na Minnesota mpaka wapishi wa uwanjani waone aibu. Ulinzi wetu ni kama mlango wa kanisa, uko wazi kwa kila mwenye dhambi."

Watu wakacheka. Duane hakucheka. Alimtazama Emery taratibu, kama mtu aliyeona nyoka kwenye nyasi.

"Hebu subirini," alisema. "Subirini kidogo. Mara tatu tulizoshinda. Ile ya kwanza, Emery alikuwa harusini kwa mtoto wa binamu yake, hakuangalia. Sivyo? Ya pili gari lilikataa kuwaka, hakuja hapa. Ya tatu alikuwa anaumwa jino."

Lambert alijua kwamba halikuwa jino. Ilikuwa siku iliyofuata sindano, na daktari alimkataza Emery kutoka kwenye upepo.

"Na zote tano tulizofungwa," Duane akaendelea, "alikuwepo! Uwanjani au hapa, amekaa, anasema hatufiki popote. Jamani, nuksi tunayo hapa mezani inakula samaki!"

Baa ililipuka. Wengine walipiga meza, wengine walijikuna vichwa, na ukiona watu wa huku wanajikuna vichwa ujue wameanza kuamini. Sisi ni watu wa kwenda kanisani, lakini kwenye habari ya timu hatumwachii Mungu kila kitu. Kuna mtu huku aliyetazama nusu msimu amesimama kwa mguu mmoja jikoni kwa sababu mara ya kwanza kufanya hivyo walishinda.

"Mimi nuksi?" Emery akapaza sauti, akicheka kile kicheko cha Rosemary. "Mimi? Na yule mpiga teke anayegonga nguzo kila Jumapili kama ana ugomvi nayo, yeye ni nani? Malaika?"

"Akae nyumbani wiki moja tujaribu," mtu akasema.

"Mwenye nafasi ni Lambert," akasema Duane. "Aseme Lambert."

Wote wakamgeukia. Emery naye akamgeukia, bado anacheka, akimngojea shemeji yake aseme acheni upuuzi. Ilikuwa sentensi fupi tu. Lambert aliipata mpaka kwenye ulimi. Lakini alikuwa ameumia mara tano msimu ule, alitaka sana kushinda, na, niseme ukweli wake bila kumpamba, alikuwa amekwisha kuamini. Kule kuhesabu kwa Duane kulimwingia kama kucha.

"Shemeji," alisema, "labda Jumapili hii upumzike. Moja tu. Tuone."

Kicheko cha Emery kilichelewa kidogo kuisha. "Kwa ajili ya timu?" akasema. "Haya. Kwa timu nitakaa hata chini ya kitanda." Kisha akavaa jaketi, akamwomba Bernice amfungie samaki, akaondoka mapema kuliko kawaida yake.

Jumapili ile Minnesota walipigwa vibaya. Kwenye nafasi ya Emery alikaa Duane. Sisemi kwamba Duane alikuwa na nia mbaya. Nasema tu kwamba benchi halikupata muda wa kupoa. Lambert alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na alipomkumbuka mtu aliyeachwa, mpira ulikuwa umekwisha na watu walikuwa wanakumbatiana.

Jioni ile simu ililia. "Mmeona?" Emery akasema. "Bila mimi mnaruka kama ndama."

"Wiki ijayo utakuja, shemeji."

"Thubutu! Mkinileta mkafungwa, Duane atanichoma kama nyama."

Alisema kwa mzaha, na Lambert aliushika mzaha ule kwa mikono miwili. Wiki iliyofuata wakashinda ugenini. Iliyofuata tena. Fulana ya Duane ilianza kutambulika kabla mwenyewe hajaingia. Kwa Bernice watu waliinua glasi na kusema, "Kwa afya ya Emery, akae hukohuko!" na Roland wa Chicago akawa mnyonge mpaka watu wakaanza kumhurumia. Hakuna aliyemchukia Emery. Walimpenda kuliko wakati wowote. Walimpelekea soseji, walimpelekea keki, wakamwita shujaa wa msimu. Ila hakuna aliyemkaribisha, kwa kuwa hakuna aliyejua alichokuwa akikipoteza, na aliyejua alikuwa mmoja.

Katikati ya wiki Lambert alimpelekea ndoo ya buyaa, ule mchuzi wetu wa kuku na mboga unaopikwa kutwa nzima kwenye sufuria kubwa kama pipa. Siku moja alimkuta akitia sukari kwenye chai. Kijiko kilipita pembeni ya kikombe, sukari ikaanguka mezani, na Emery akakoroga chai isiyo na kitu. Kiti chake kilikuwa kimesogezwa mpaka kikakaribia kugusa televisheni. Lambert aliviona vyote viwili. Akauliza kama buyaa imekolea chumvi.

Nyumba ya Emery iko barabara ya kwenda Green Bay. Hapana njia nyingine isiyozunguka. Kila Jumapili ya mechi ya nyumbani Lambert alipita pale na Duane kando yake, na kila mara alimwona Emery kwenye dirisha la jikoni, amevaa jaketi la kijani na kofia yake ya uwanjani, kana kwamba anangoja kuchukuliwa. Huenda alikuwa anangoja. Mara zote Lambert alipiga honi na Emery akainua mkono.

Katikati ya Desemba, Lambert alipunguza mwendo. Akasimamisha pikapu kando ya barabara.

"Kuna nini?" Duane akauliza.

"Nataka tumchukue."

"Wapi utamweka? Nafasi ni mbili."

"Ndiyo. Nafasi ni mbili."

Duane alielewa. Hakuwa mtu katili. "Sikiliza, Lambert. Mimi naweza kushuka hapahapa nikatembea kurudi, nakwambia kweli. Si nafasi ninayoililia. Lakini hatujapoteza tangu alipokaa. Leo tukifungwa tumetoka. Utakwenda kwa Bernice uwaambie nini? Mwache wiki hii. Yeye mwenyewe kasema hataki."

Lambert angeweza kusema, huyu mtu anapoteza macho, leo anaweza kuwa anaona kwa mara ya mwisho. Maneno hayo yangemshusha Duane bila ubishi wowote. Lakini alikuwa ameahidi kutosema. Ahadi ya kumpa Emery nafasi aliivunja Novemba bila kutoka jasho, na hii nyingine akaishika kama mtakatifu. Alijua anachokifanya. Alijua pale pale barabarani, mkono ukiwa juu ya gia.

Akapiga honi. Dirishani Emery akainua mkono na kupunga kwa furaha. Alipungia upande wa sanduku la barua, hatua kadhaa kutoka mahali pikapu ilipokuwa.

"Amezeeka jamaa," Duane akasema kwa upole. Lambert akatia gia.

Walishinda siku ile, kwa mrusho wa dakika ya mwisho ambao watu wa huku wataueleza mpaka wazikwe. Juma lililofuata wakashinda tena, na hapo hesabu ikakamilika: tumeingia mtoano, hata tufanye nini. Ilibaki mechi moja ya nyumbani, na Chicago, mechi isiyo na maana yoyote kwa upande wetu. Wachezaji wakubwa wangepumzishwa.

"Sasa hata Emery aje," Duane alisema Ijumaa kwa Bernice, mdomo umejaa samaki. "Haidhuru tena."

Kila mtu alicheka. Lambert alikwenda chooni akasimama mbele ya sinki, maji yakitiririka, mpaka mtu akagonga mlango.

Jumapili ile alisimamisha pikapu uani kwa Emery akaingia ndani. Emery alikuwa amekwisha kuvaa. Walitoka pamoja, na Lambert akamwona akiutafuta mkono wa mlango wa gari kwa kupapasa, uso wake ukitazama ghalani.

Njiani Emery aliongea kama zamani: kwamba Chicago leo watatuaibisha, kwamba wachezaji wa akiba hawajui hata rangi ya fulana zao. Lambert alishindwa kuvumilia.

"Unaona kiasi gani, shemeji?"

"Barabara naiona hapa na hapa." Emery akaonyesha pembeni mwa masikio yake. "Katikati hamna. Jicho limemalizikia wiki ya Krismasi, kama alivyosema daktari."

"Ilinipasa nije kukuchukua Novemba."

"Ndiyo," Emery akasema bila ukali wowote. "Novemba nilikuwa bado nasoma namba za migongoni." Baada ya muda akaongeza, "Hata ile ya katikati ya Desemba ningeona. Si vizuri sana. Lakini ningeona. Ulisimama, nikasikia injini. Nikafikiri umekuja kunichukua."

Lambert aliendesha. Alitaka kuomba radhi, na maneno aliyokuwa nayo yote yalikuwa madogo. "Niliogopa tutafungwa," akasema mwishowe, na aliposikia sauti yake ikisema hivyo, mzee wa miaka yake, mume wa Rosemary, aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani.

"Hata mimi niliogopa," Emery akasema. "Ndiyo maana sikukupigia simu nikakwambia uje. Labda kweli mimi ni nuksi, nani anajua. Ila lile neno la Duane nilikuwa nataka ulikatae wewe."

Uwanjani Lambert alimshika kiwiko kwenye ngazi mpaka kwenye benchi. Watu wa jirani walimpokea kwa vifijo. Kumbe shujaa mwenyewe ndiye huyu! Walimpiga mabega, wakampa brandi kwenye kikombe cha karatasi. Emery alifurahi, akajibu matusi ya washabiki wa Chicago moja baada ya jingine, na akakataa blanketi.

Mchezo ulipoanza aligeuza shingo. Hivyo ndivyo alivyoweza kupata chochote: alielekeza uso kando, kwa Lambert, ili uwanja uangukie pembeni mwa jicho. Basi robo tatu za mechi Lambert alitazamwa usoni na mtu ambaye hakuwa akimwona. Hakuweza kutazama mpira. Alisimulia tu, kwa sauti ya chini, nani amebeba, amefika wapi, nani amemwangusha. Alisimulia vibaya, akichelewa, akikosea majina ya hao vijana wa akiba, na Emery akaitikia "ehee, ehee" kwa adabu kama mgeni anayelishwa chakula asichokipenda.

Karibu na mwisho, mrushaji wa akiba, kijana ambaye hakuna aliyemtegemea, alirudi nyuma na kuutupa mpira mbali, juu, mrefu kuliko yote ya siku ile. Uwanja mzima ulisimama. Lambert naye akasimama, akasahau kusimulia, akasahau kila kitu. Mpira ukashuka mikononi mwa mtu anayekimbia, mtu akavuka mstari, na kelele zikatikisa bati chini ya miguu. Emery alikuwa amesimama pia, mikono juu, anapiga kelele kwa nguvu zake zote, uso wake umeelekea kwenye ngazi za kutokea.

"Umeona, shemeji?" Lambert akamshika bega, kwa mazoea ya miaka yote ile. "Umeiona ile?"

"Nimesikia," Emery akasema, na akaendelea kupiga makofi.